Dakika Kumi Ulizoziruka



Kuna msomaji ameniuliza swali lililonichekesha. Amesikia kwamba mimi, mshauri wa ndoa na mambo ya mawifi, jioni nikishamaliza kazi zangu hujifungia na vitabu vya mauaji. "Dada, na utu uzima wako wote, maiti na visu vinakusaidia nini?" Kwa mawazo yake, vitabu hivyo ni vya wavulana wa bwenini wanaovificha ndani ya daftari la Jiografia wakati wa prepo.

Ni kweli, mdogo wangu, navisoma, na sina mpango wa kuacha. Kama unataka faida ya kushikika, iko. Mwaka 1977 mtoto mdogo wa kike kutoka Qatar alipelekwa London akiwa hoi, na madaktari wa Hospitali ya Hammersmith wakashindwa kuujua ugonjwa wake. Muuguzi mmoja alikuwa anasoma The Pale Horse ya Agatha Christie, riwaya ya mwaka 1961 yenye habari za sumu ya thaliamu. Akaona nywele za mtoto zinanyonyoka kama zilivyonyonyoka za watu wa kitabuni, akawaambia madaktari. Wakapima, ikawa kweli ni thaliamu, mtoto akatibiwa akapata nafuu. Christie sumu alizijua kwa mikono yake, maana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay.

Lakini mimi si muuguzi, na nilichokipata kwenye vitabu hivi ni kingine. Vimenifundisha kuzisoma barua zenu.

Hadithi za upelelezi si ngeni kwetu. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, Unguja, alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau kisha ikachapwa kitabu mwaka 1960. Miaka mitano baadaye Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Waliovisoma wanajua utamu wa kufikia ukurasa wa mwisho huku maharage yanaungulia jikoni. Ila ninachotaka kuwasimulia leo ni cha Uingereza: The Murder of Roger Ackroyd, cha huyo huyo Christie, kilichotoka mwaka 1926. Mwaka 2013 chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kilipiga kura na kukitaja kuwa riwaya bora ya uhalifu kupata kuandikwa.

Onyo kabla sijaendelea: nitamtaja muuaji. Siwezi kusema ninachotaka kusema bila kumtaja. Kama unapenda kumtafuta mwenyewe, weka gazeti pembeni, katafute kitabu, kisome, halafu urudi. Nitakusubiri.

Mmebaki? Haya.

Kijiji kinaitwa King's Abbot, kipo mashambani, na kazi kubwa ya wakazi wake ni kusemana. Kuna mjane tajiri, Bi Ferrars, amekutwa amekufa kitandani kwa kuzidisha dawa ya usingizi. Mumewe, mlevi wa kupindukia, alikufa mwaka mmoja kabla, na cheti kikaandikwa kwamba ni maradhi ya tumbo. Kuna tajiri mwingine, Roger Ackroyd, naye amefiwa na mke, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja amuoe mjane yule.

Jioni ya siku ileile Ackroyd anamwita rafiki yake, Daktari Sheppard, aje wale pamoja. Baada ya kula wanaingia kwenye chumba cha kazi cha mwenye nyumba, wanafunga mlango, na Ackroyd anatoa yaliyomlemea. Bi Ferrars alikiri kwake kwamba ni yeye aliyemwekea mumewe sumu. Na kuna mtu aliyeligundua jambo hilo, akawa anamkamua pesa mwaka mzima kwa kumtishia kuitoboa siri yake. Jina la mtu huyo hakulisema. Wakati wanazungumza, mtumishi analeta barua za jioni, na katikati yake imo bahasha ya buluu kutoka kwa marehemu. Ackroyd anaifungua, anaanza kusoma kwa sauti, anafika panapokaribia kutajwa jina. Anasita. Anasema sehemu iliyobaki ataisoma akiwa peke yake. Daktari anamwomba aendelee, anamsihi, mwenzake anakataa.

Daktari anaondoka. Saa nne na robo usiku simu inalia nyumbani kwake. Anapokea, anashtuka, anamwambia dada yake kwamba wanapiga kutoka kwa Ackroyd, bwana mkubwa ameuawa. Anakimbia huko. Mtumishi anamfungulia mlango na kumshangaa: hakuna aliyepiga simu. Wanagonga chumba cha kazi, kimya. Wanavunja mlango. Ackroyd yupo kitini kwake, jambia la Tunisia limezama mwilini, na bahasha ya buluu haionekani.

Jirani mpya wa daktari ni Mbelgiji mfupi aliyekuja kijijini kupumzika na kulima mung'unye. Kwa zile sharubu zake daktari alimdhania kinyozi mstaafu. Kumbe ni Hercule Poirot, mpelelezi. Kazi inaanza.

Anayetusimulia yote haya, tangu ukurasa wa kwanza, ni Daktari Sheppard. Mtu mpole, msemaji mzuri, mwenye utani wa chini kwa chini, ndugu wa kila mgonjwa. Na ndiye muuaji. Yeye ndiye aliyekuwa akimkamua mjane, na jina ambalo Ackroyd alikuwa anakaribia kulisoma lilikuwa lake.

Mara ya kwanza ukifika hapo unataka kukitupa kitabu. Watu wa mwaka 1926 nao walilalamika kwamba wametapeliwa, na miaka mitatu baadaye padri mmoja aliyekuwa mwandishi wa riwaya hizi, Ronald Knox, alipotunga amri zake kumi za hadithi za upelelezi, ya kwanza ilikataza muuaji kuwa mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake. Sasa rudi nyuma usome upya, na hapo ndipo utamu ulipo. Utamtafuta daktari amekudanganya wapi, wewe msomaji, na utapata tabu kupaona. Anasema barua zililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Anasema alimwacha mwenzake saa tatu kasoro dakika kumi, na barua ya buluu bado haijamalizwa kusomwa. Yote mawili ni kweli. Sentensi moja barua inaletwa, sentensi chache mbele daktari yuko mlangoni. Kati ya hapo zimepita dakika kumi, na ndani ya dakika hizo mtu amechomwa kisu. Mwandishi hakuzificha: saa ya kuingia ipo, saa ya kutoka ipo, hesabu unaweza kuifanya kwa vidole. Sisi wenyewe ndio tulizipita mbio, kwa sababu anayesimulia alikuwa amekwisha kutupendeza.

Sasa tuje kwenye mkoba wangu wa barua. Nina moja hapa ya dada aliyegombana na wifi yake. Kurasa tatu, mwandiko mzuri, hakuna mahali pamefutwa. Anaeleza visa vya wifi tangu siku ya posa: alivyoibeza mahari, alivyosema mbele ya wageni kwamba mchuzi hauna chumvi, alivyokuja arobaini ya mtoto mikono mitupu. Kila tukio lina siku yake na nguo alizovaa mhusika. Ukurasa wa tatu anaandika kwamba Ijumaa iliyopita wifi alikuja, wakala vizuri, kisha yakatokea ya kutokea, na tangu siku hiyo wifi hakanyagi kwake na mume amehamia chumba cha watoto. Anauliza amfanye nini wifi mwenye roho mbaya kiasi hicho.

Mmeona? Chumvi ya mwaka juzi imepewa mistari sita. Ijumaa yenyewe, iliyomtoa mume chumbani, imepewa maneno matatu: yakatokea ya kutokea.

Sisemi dada huyu ni mwongo. Naamini kila neno aliloliandika kuhusu chumvi. Ila jibu la swali lake halimo kwenye kurasa zile tatu, limo kwenye yale maneno matatu, na hayo ndiyo aliyoyafunga kwa kufuli. Na si yeye peke yake. Wengine huandika "tukapishana kauli". Wengine "mambo yakaingiliana". Wengine husema shetani akapita katikati, na jamani, shetani amebebeshwa mizigo mingi katika kona hii. Kila nikikutana na maneno hayo nachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari, maana hapo ndipo mwandishi wa barua alipokuwa na kitu mkononi.

Ndiyo maana wengi wenu hulalamika kwamba ushauri wa Dada haukufaa. Utafaaje? Nimekushauri kuhusu wifi uliyenichorea, na uliyenichorea ana chumvi na mahari tu. Kama Ijumaa ile ulimtamkia jambo kuhusu utasa wake, au ulimkumbusha nani anayelipa karo ya mwanawe, basi ushauri wangu wa "mvumilie, mpelekee zawadi" ataupokea kama tusi la pili.

Fanya hivi. Kabla hujaniandikia mimi, au hujampigia mama, au hujamwita mshenga, chukua karatasi uiandike siku hiyo kama angeiandika mwenzako. Usimwandike kwa kejeli. Mwandike kama mtu aliyeondoka kwako analia. Utaona kalamu inapogoma. Ikigoma, zimepatikana zile dakika kumi.

Upande wa pili ni wa wanaokuletea habari. Ile simu ya saa nne na robo ilipigwa kweli, na iliita kweli. Aliyepiga alikuwa mgonjwa wa daktari, mfanyakazi wa melini aliyekuwa njiani kusafiri, na aliombwa na daktari mwenyewe apige kutoka stesheni kumpa jibu la kawaida tu. Sisi tulichosikia ni maneno ya aliyeshika simu, na yeye ndiye aliyetuambia upande wa pili kulikuwa na nani na alisema nini. Shoga yako anapokwambia, "Nimeongea na fulani, kaniambia mumeo kapanga nyumba nyingine," umesikia upande mmoja wa simu. Labda ni kweli. Lakini mpaka uongee na huyo fulani, ulichonacho ni shoga yako tu.

Na sauti, wadogo zangu! Saa tatu na nusu usiku ule katibu wa Ackroyd alipita karibu na mlango akamsikia bosi wake anaongea ndani. Kwa hiyo watu wote wakakubaliana kwamba saa tatu na nusu alikuwa hai. Kumbe alikuwa maiti tangu saa tatu kasorobo, na iliyokuwa ikiongea ni mashine ya kurekodia sauti, ambayo daktari aliitega ijiwashe yenyewe, kisha akaja kuichukua na kuificha ndani ya mkoba wake wa dawa baada ya mlango kuvunjwa. Hiyo ni 1926, mashine ni kubwa kama kasha. Leo kila mtu ana mashine hiyo mfukoni. Mnanitumia sauti za WhatsApp na skrinshoti mnasema, "Dada, ushahidi huu hapa." Nikiangalia, ujumbe umekatwa juu, umekatwa chini, tarehe haipo, na sauti inaanzia katikati ya sentensi. Ya kwake kweli, lakini ya lini, na alikuwa anamjibu nani?

Hapa najua nitawaudhi baadhi yenu, hasa mnaoamka saa nane za usiku kuweka kidole cha mume kwenye simu yake akiwa usingizini. Kuna sehemu moja Poirot anawakusanya watu wa nyumba ile kuzunguka meza na kuwaambia kwamba kila mmoja wao anaficha jambo. Na ni kweli, kila mmoja anaficha. Flora, binti wa ndugu wa marehemu, ameiba pauni 40 chumbani kwa baba yake mkubwa, na ili asikamatwe akadai alikwenda kumuaga usiku ule, uongo uliovuruga hesabu zote za saa. Mama yake amezama kwenye madeni na alikuwa akiutafuta wosia kwa siri. Katibu naye ana deni. Mtumishi wa mezani aliwahi kumkamua bosi wake wa zamani, na alikuwa anajaribu bahati yake tena. Ursula, msichana wa kazi, amefunga ndoa ya siri na Ralph, mtoto wa kambo wa marehemu, yule ambaye polisi wanamsaka. Mtunza nyumba ana mtoto wa kiume asiyetaka ajulikane.

Nyumba nzima ina siri. Muuaji ni mmoja, na hakuwa hata mkazi wa nyumba ile.

Kwa hiyo ukimkuta mumeo amefunga simu, amebadili namba ya siri, anatoka nje kupokea, umegundua kwamba anaficha. Anaficha nini bado hujui. Nimeshaona wanaume waliokuwa wanaficha kwamba wamesimamishwa kazi na kila asubuhi wanavaa shati kwenda kukaa kwenye benchi la bustani. Nimeona waliokopa kwenye Saccos kumtibu mama yao wakaogopa maneno ya nyumbani. Wapo na wenye nyumba ndogo, sikatai, mimi si mtoto. Ninachokukataza ni kuruka kutoka "anaficha" hadi "ana mwanamke" kwa hatua moja, halafu unaita wazee. Muulize kwanza. Muulize mchana, watoto wakiwa shule, na simu iwe mezani bila mtu kuigusa.

Niwaambie siri yangu ya kukipenda kitabu hiki: ni dada yake daktari, Caroline. Mkubwa wake, hajaolewa, wanaishi pamoja. Hana haja ya kuondoka nyumbani, lakini kabla ya chai ya asubuhi anajua nani kafa, nani kakosana na nani, na daktari alimwandikia nani dawa gani, yote kupitia kwa muuza maziwa na wasichana wa kazi wa jirani. Alisema mapema kabisa kwamba Bi Ferrars alimuua mumewe, watu wakamcheka, kumbe amepatia. Christie mwenyewe alimpenda mno mama huyu, akaeleza kwamba huenda Miss Marple, bibi mpelelezi wa vitabu vyake vya baadaye, alitokana naye. Basi Caroline huyu, mjua yote, anajua ya kijiji kizima isipokuwa ya yule anayekula naye mkate kila asubuhi. Mpelelezi anafika kwenye ukweli kwa sehemu kupitia umbea wake, naye Caroline hajui kwamba ndugu yake wa pekee ndiye anayekwenda kunaswa.

Madada wakubwa wote tunapaswa kumsoma Caroline taratibu. Sisi ndio tunaojua mambo ya mtaa. Tunajua binti wa jirani kachelewa siku ngapi. Na ndani ya nyumba zetu yupo mdogo wetu wa kiume, mpole, anayeleta sukari kila mwisho wa mwezi, ambaye hatujawahi kumuuliza pesa zile anazipata wapi. Tunamwita mtoto mzuri kwa sababu hatuulizi.

Ila nisieleweke vibaya kwamba kila kisichosemwa ni dhambi. Kuna dada aliyeniuliza kama ni lazima amweleze mchumba wake yote yaliyompata akiwa na miaka kumi na saba. Jibu langu ni hapana, na nalitoa nikimtaja Christie tena. Mwaka uleule kitabu hiki kilipotoka, mumewe alimwambia kwamba anampenda mwanamke mwingine na anataka talaka. Usiku wa tarehe 3 Desemba 1926 Christie akawasha gari akaondoka nyumbani. Gari likakutwa limetelekezwa Newlands Corner, kusini mwa London. Polisi na raia wakamsaka porini, magazeti yakajaa. Tarehe 14 akapatikana mzima kwenye hoteli moja Harrogate, kaskazini, amejiandikisha kwa jina la ukoo la yule mwanamke mwingine. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1977, baada ya kifo chake, kinene, kimejaa utoto, safari na uchimbuaji wa mambo ya kale huko Iraki. Zile siku kumi na moja hazimo. Amezipita kimya.

Mimi simlaumu. Hiyo ni sitara yake. Alikuwa mwanamke aliyevunjika moyo mbele ya nchi nzima, na hakuwa na deni la kumweleza mtu yeyote alivyolia. Daktari Sheppard naye alipita kimya, lakini wakati yeye amenyamaza kuna kijana, Ralph, anayekaribia kupandishwa kizimbani kwa kosa la kunyongwa, na tena ni viatu vya kijana huyo ambavyo daktari alivitumia kuacha nyayo dirishani. Hapo ndipo ninapopima. Nauliza: kimya chako kuna mtu anakilipia? Kama hakuna, ni chako, kitunze, hata mchumba hana haki ya kukichokonoa. Kama yupo anayeitwa mwizi, mchawi, malaya au mkorofi kwa sababu wewe hujasema, basi hiyo si sitara tena.

Nimemwacha Bi Ferrars mwisho kwa makusudi, kwa sababu barua zinazonikosesha usingizi ni za watu waliomo kwenye hali yake. Ndani ya mwaka mmoja mama yule alilipa pauni 20,000, pesa ambayo wakati huo ilikuwa utajiri wa maisha. Alilipa akidhani ananunua kimya. Anayeuza kimya hamalizi kuuza. Na aliyekuwa akimtoza ni daktari wake, mtu aliyekuwa akiingia nyumbani kwake kwa heshima, akivua kofia.

Leo wanaotozwa hawana hatia ya kuua mtu. Ni mabinti wa chuo waliomtumia mpenzi picha za faraghani, wake za watu walioteleza kwa maneno kwenye simu, vijana wa kiume waliorekodiwa video na mtu wasiyemjua. Anakuja anayetaka elfu hamsini leo, laki wiki ijayo. Mnaniandikia bila jina, mnasema mmeuza simu, mmekopa kikoba, na bado anadai.

Nisikilizeni kama mngemsikiliza dada yenu wa tumbo moja. Usimtumie hata shilingi nyingine. Usifute ujumbe wake hata mmoja, maana huo ndio utakaomfunga: namba yake, tarehe, kiasi alichodai, risiti za kutuma pesa, vyote viweke. Kuna sheria: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia ambako unaweza kuomba kuongea na askari wa kike. Kabla ya yote hayo, mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini, shangazi, mwalimu, mama mdogo, na umwambie yote, zikiwemo dakika zile unazoona aibu kuzitaja. Aibu hiyo ndiyo mtaji wa anayekutoza, na akishajua ndugu zako wanajua, hana cha kuuza.

Na kama usiku huu unasoma hapa na mawazo yako yamekwisha kuelekea alikokwenda Bi Ferrars, funga gazeti sasa hivi, amsha mtu yeyote aliyemo nyumbani, mwambie, na usikae peke yako mpaka kupambazuke. Barua utaniandikia kesho.